Robert Bárány: Daktari aliyeshinda Nobel akiwa mateka wa vita

Na Mwandishi Wetu

MGONJWA mmoja aliyekuwa akioshwa sikio katika kliniki ya mjini Vienna, Austria, mwanzoni mwa karne ya 20, alimlalamikia daktari wake kwamba maji yaliyotumika hayakuwa na joto la kutosha na ndiyo yaliyompa kizunguzungu. Alieleza kuwa nyumbani huliosha sikio hilo mwenyewe kwa maji ya uvuguvugu na hapati tatizo lolote.

Madaktari wengi wa wakati huo wangeyapuuza malalamiko ya aina hiyo. Mgonjwa kupata kizunguzungu wakati wa kuoshwa sikio kulikuwa jambo la kila siku, na ilitosha kumwambia avumilie kidogo mpaka kazi iishe.

Daktari huyo kijana, Robert Bárány, aliyachukua maneno ya mgonjwa kwa uzito. Kutokana na maneno hayo alipata njia ya kupima kiungo kilichofichika ndani kabisa ya mfupa wa fuvu, ambacho hakuna daktari aliyeweza kukiona wala kukigusa kwa mtu aliye hai bila kumpasua.

Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 1914. Hata hivyo, habari za ushindi zilimkuta akiwa mateka wa vita katika himaya ya Urusi, maelfu ya kilomita kutoka nyumbani kwake. Aliporejea Vienna, baadhi ya wenzake walimpokea kwa shutuma, na muda mfupi baadaye aliihama nchi aliyozaliwa, akaenda kuishi ugenini hadi kufa kwake.

Goti lililokakamaa

Bárány alizaliwa Vienna Aprili 22, 1876, akiwa mtoto wa kwanza kati ya sita katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Hungary kwa upande wa baba. Mama yake alitoka katika familia ya wasomi wa mji wa Prague.

Akiwa mtoto aliugua kifua kikuu cha mifupa. Alipona, lakini goti lake moja lilikakamaa na halikukunjika tena maisha yake yote. Inaaminika kwamba miaka hiyo ya kuugua ndiyo iliyomvuta kwenye fani ya udaktari. Ulemavu huo haukumzuia kucheza tenisi wala kupanda milima, na alipenda sana kupiga piano.

Alihitimu shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1900. Baada ya hapo alikwenda Ujerumani kujiendeleza katika magonjwa ya ndani ya mwili na magonjwa ya akili na neva, kisha akarudi Vienna kujifunza upasuaji.

Mwaka 1903 aliingia katika kliniki ya masikio iliyokuwa chini ya Profesa Adam Politzer, mmoja wa waasisi wa tiba ya masikio duniani. Kliniki hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1873, ilikuwa ya kwanza ya aina yake, na madaktari kutoka nchi nyingi walikwenda huko kupata mafunzo.

Fumbo la sikio la ndani

Sikio la mwanadamu lina kazi mbili. Kazi ya kwanza, inayojulikana na kila mtu, ni kusikia. Kazi ya pili ni kumwezesha mtu kusimama, kutembea na kugeuka bila kuanguka.

Kazi hiyo ya pili hufanywa na sehemu ya sikio la ndani ambako kuna mifereji mitatu midogo yenye umbo la nusu duara. Ndani ya mifereji hiyo mna majimaji. Mtu anapogeuza kichwa, majimaji hayo huchelewa kidogo kufuata mwendo wa kichwa, na vinyweleo vya neva vilivyomo huupelekea ubongo taarifa kwamba kichwa kimegeuka.

Mtoto anayejizungusha kwa mchezo kisha akasimama ghafla huiona dunia ikiendelea kuzunguka kwa sababu hiyo. Mwili wake umesimama, lakini majimaji yaliyomo sikioni bado yamo katika mwendo, hivyo ubongo hudhani kuwa anaendelea kuzunguka.

Mambo hayo yaligunduliwa kidogo kidogo. Katika miaka ya 1820, mwanasayansi wa Ufaransa, Pierre Flourens, alionyesha kwamba njiwa aliyekatwa mifereji hiyo hupoteza uwezo wa kujimudu. Mwaka 1861, Mfaransa mwingine, daktari Prosper Ménière, alieleza kwamba kizunguzungu kikali kinachoambatana na kupungua kwa uwezo wa kusikia kinaweza kutoka ndani ya sikio, wakati ambapo madaktari wengi waliona kuwa ni ugonjwa wa ubongo. Katika miaka ya 1870, wanasayansi Ernst Mach na Josef Breuer walieleza jinsi majimaji ya mifereji yanavyofanya kazi.

Pamoja na elimu yote hiyo, daktari aliyeketi na mgonjwa wa kizunguzungu hakuwa na kipimo cha kuaminika cha kumwonyesha kama sikio la ndani la mgonjwa huyo ni zima au limeharibika, wala kama ni la kulia au la kushoto.

Upungufu huo uligharimu maisha. Zama hizo hapakuwa na dawa za antibiotiki, na usaha wa sikio la kati uliweza kupenya hadi sikio la ndani na kufika kwenye ubongo. Daktari aliyepasua sikio la ndani lililokuwa bado zima alimfanya mgonjwa awe kiziwi wa sikio hilo bila sababu. Aliyechelewa kupasua lililokwisha kuoza alimwacha mgonjwa afe kwa homa ya uti wa mgongo au jipu la ubongo.

Maji baridi, maji ya moto

Bárány alipokuwa akiwaosha wagonjwa masikio kwa bomba, alianza kuwatazama machoni wale waliolalamika kuwa wanasikia kizunguzungu. Aliona kwamba macho yao yalikuwa yakitikisika: yanasogea polepole upande mmoja, kisha yanarushwa kwa ghafla upande wa pili, tena na tena. Wataalamu huuita mtikisiko huo nistagmasi.

Mgonjwa yule alipolalamikia ubaridi wa maji, Bárány alimwomba muuguzi alete maji yenye joto zaidi. Muuguzi aliona kuwa maji yaliyopo yalikuwa na joto la kutosha, lakini daktari alisisitiza kwamba mgonjwa asikilizwe. Safari iliyofuata yaliletwa maji ya moto sana, na mgonjwa akalalamika kuwa yanamuunguza na kwamba kizunguzungu kimemrudia.

Bárány alipoyatazama macho ya mgonjwa huyo, aliona jambo ambalo hakulitarajia. Macho yalikuwa yakitikisika, lakini safari hii upande ulikuwa umegeuka. Maji baridi yaliyafanya macho yaruke kuelekea upande wa sikio la pili. Maji ya moto yaliyafanya yaruke kuelekea upande wa sikio lile lile lililokuwa likioshwa.

Alielewa mara moja kwamba siri imo katika joto la maji. Kama kizunguzungu kingetokana na msukumo wa maji, joto lisingebadili chochote.

Maelezo ya kwa nini hali iko hivyo aliyapata katika kumbukumbu ya tangi la kuchemshia maji ya kuoga. Aliwahi kuligusa tangi hilo na kushangaa kuona sehemu ya chini, iliyo karibu na moto, ikiwa ya baridi, huku sehemu ya juu ikiunguza mkono. Maji yaliyopata moto hupanda juu na ya baridi hushuka chini.

Bárány alihitimisha kwamba jambo hilo hilo hutokea ndani ya sikio. Maji baridi yakiingia sikioni huyapoza majimaji ya mfereji ulio karibu, nayo hushuka; maji ya moto huyafanya yapande. Ubongo hupokea taarifa kwamba kichwa kinageuka, ilhali mgonjwa ametulia, na macho hutikisika kwa kuifuata taarifa hiyo ya uongo.

Aliona pia kwamba, kama dhana hiyo ni sahihi, kukigeuza kichwa cha mgonjwa juu chini kutaugeuza na mwelekeo wa mtikisiko wa macho. Alijaribu, na ikawa kama alivyotabiri.

Matokeo ya uchunguzi huo aliyachapisha mwaka 1906. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kuhusu mifereji ya sikio la ndani na magonjwa yake.

Kwa madaktari wa wakati huo, faida ilikuwa kubwa. Sikio likitiwa maji na macho yakatikisika, kiungo cha ndani kiko hai. Macho yakitulia tuli, kiungo kimekufa au neva yake imekatika. Daktari wa upasuaji alipata jibu ndani ya dakika chache, kwa bomba la maji na macho yake mwenyewe.

Kiti, kidole na sanduku la kelele

Bárány hakuishia kwenye maji. Alitumia kiti kinachozunguka, ambacho mgonjwa huketishwa na kuzungushwa mara 10 katika sekunde 20 kisha kusimamishwa ghafla, daktari akapima muda ambao macho huendelea kutikisika. Kiti hicho kinaitwa kwa jina lake hadi leo, na marubani hukalishwa katika viti vya aina hiyo ili wajue jinsi hisia za sikio zinavyoweza kumdanganya mtu aliye angani.

Alibuni pia kipimo cha kidole. Mgonjwa huelekezwa kukigusa kidole cha daktari, kisha hufumba macho na kujaribu kukigusa tena. Mkono unaokwenda kombo kila mara upande ule ule humdokezea daktari kwamba kuna hitilafu katika sikio la ndani au katika ubongo mdogo, ulio nyuma ya kichwa.

Kwa upande wa kusikia, alitengeneza kifaa kidogo cha kutoa kelele kinachowekwa kwenye sikio moja wakati la pili linapimwa. Shida iliyokuwapo ni kwamba mtu aliye kiziwi wa sikio moja huweza kuonekana kuwa anasikia kwa masikio yote mawili, kwa sababu sauti huvuka fuvu na kusikiwa na lile zima. Kifaa hicho kililiziba kwa kelele sikio zima, na ukweli kuhusu lile bovu ukajulikana. Kanuni hiyo hufuatwa na wapima usikivu hata leo, ingawa kelele sasa hutolewa na mashine za umeme.

Mwaka 1909 alipewa hadhi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Vienna. Mwaka huo huo alimuoa Ida Felicitas Berger, na walijaliwa watoto watatu, wa kiume wawili na wa kike mmoja.

Mateka katika jangwa

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Bárány angeweza kubaki nyumbani kwa sababu ya goti lake. Badala yake alijitolea kuwa daktari wa upasuaji katika jeshi la Austria na Hungary, akapelekwa kwenye ngome ya Przemyśl, ambayo sasa iko Poland.

Huko alikuta askari waliopigwa risasi za kichwa, na akajaribu mbinu mpya ya kuwatibu. Alisafisha jeraha la ubongo lililo bichi na kulishona mara moja, tofauti na desturi ya wakati huo ya kuliacha wazi. Kwa mtafiti wa ubongo na masikio, majeraha hayo yalikuwa pia nafasi ya kuchunguza uhusiano kati ya ubongo mdogo na sikio la ndani.

Ngome hiyo ilizingirwa na majeshi ya Urusi kwa miezi kadhaa, chakula kikaisha, na Machi 22, 1915 ikasalimu amri. Askari zaidi ya 100,000 walitekwa, Bárány akiwa miongoni mwao.

Alisafirishwa hadi Merv, mji wa jangwani katika Asia ya Kati ambao sasa uko Turkmenistan. Huko aliugua malaria. Wakuu wa Kirusi walipotambua kuwa ni bingwa wa masikio, walimruhusu kuwatibu mateka wenzake na wenyeji wa mji.

Akiwa katika hali hiyo ndipo zilipomfikia habari kwamba ametunukiwa Nobel. Tuzo ilikuwa ya mwaka 1914, lakini ilitangazwa mwaka 1915. Kamati ilimtunuku kwa kazi yake kuhusu utendaji na maradhi ya kiungo cha usawa wa mwili. Baada yake, tuzo ya tiba haikutolewa tena kwa mtu yeyote hadi ile ya mwaka 1919.

Mwanamfalme Carl wa Sweden, kwa niaba ya Msalaba Mwekundu, alizungumza na utawala wa Urusi ili aachiwe. Bárány alipata uhuru mwaka 1916, akaenda Stockholm kukabidhiwa tuzo na mfalme wa Sweden, na Septemba 11 mwaka huo alitoa mhadhara wake wa Nobel. Katika mhadhara huo alisimulia habari za mgonjwa aliyelalamikia maji na za tangi la kuogea.

Shutuma nyumbani

Mtu aliyetoka utumwani na heshima kubwa kuliko zote katika taaluma yake angetarajia mapokezi mazuri. Vienna haikumpa mapokezi hayo.

Baadhi ya wenzake katika chuo kikuu walimlaumu kwamba katika maandishi yake hakuwapa sifa inayostahili watafiti waliomtangulia na wale waliofanya kazi pamoja naye. Kwa msomi, hilo ni shitaka zito, kwa kuwa linagusa uaminifu wake.

Ni kweli kwamba kizunguzungu cha maji baridi sikioni kilikuwa kimeandikwa na wengine kabla yake, na wala haikuwa siri kwamba macho hutikisika. Alichokifanya Bárány ni kuonyesha kanuni ya joto, kueleza sababu yake, kuitabiri na kuithibitisha, kisha kuifanya iwe kipimo ambacho daktari yeyote anaweza kukitumia kwa mgonjwa wake. Hayo ndiyo yaliyotajirisha tiba, na ndiyo yaliyotuzwa.

Lawama hizo zilimuumiza sana. Mwaka 1917 alikubali mwaliko wa Chuo Kikuu cha Uppsala, mji wa wasomi ulio kaskazini mwa Stockholm, akahamia Sweden pamoja na familia yake. Mwaka 1926 alifanywa profesa kamili.

Mwanamke aliyegeukia kulia

Akiwa Uppsala, mwaka 1921, Bárány alieleza habari za mwanamke mwenye umri wa miaka 27 aliyepatwa na kizunguzungu kikali kila alipolala chali na kugeukia upande wa kulia. Kizunguzungu kilidumu kwa muda mfupi kikakoma, na macho yake yalitikisika kwa muda huo huo.

Kwa kumlaza na kumgeuza, Bárány alitambua kwamba tatizo lilitokana na mkao wa kichwa, na akalihusisha na chembe ndogo za chokaa zilizomo katika sikio la ndani. Ugonjwa huo sasa unajulikana kuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya kizunguzungu duniani.

Mwaka 1952, madaktari wa London, Margaret Dix na Charles Hallpike, waliufafanua zaidi na kuweka utaratibu wa kumpima mgonjwa kwa kumlaza haraka huku kichwa kikiwa kimegeuzwa. Baadaye ilithibitika kwamba chembe za chokaa hung'oka mahali pake na kutumbukia katika mifereji. Daktari wa Marekani, John Epley, alibuni namna ya kukigeuza kichwa hatua kwa hatua ili chembe hizo zirudi zilikotoka, na mwaka 1992 alichapisha matokeo yake. Wagonjwa wengi hupona kwa dakika chache, bila kidonge wala kisu.

Bárány hakuyaona hayo. Alifariki dunia Uppsala Aprili 8, 1936, zikiwa zimebaki wiki mbili atimize miaka 60.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1938, Austria ilimezwa na Ujerumani ya Hitler, na madaktari wa Kiyahudi wa Vienna wakafukuzwa vyuoni na hospitalini. Watoto wa Bárány walikuwa wamekulia katika usalama wa nchi ambayo baba yao aliikimbilia kwa uchungu. Wanawe wote wawili walikuwa maprofesa wa tiba nchini Sweden, na mjukuu wake, mwanafizikia Anders Bárány, alikuja kuwa katibu wa kamati ya Nobel ya fizikia.

Kipimo ambacho hakijazeeka

Kipimo cha maji kimeboreshwa mara kadhaa. Mwaka 1942, Gerald Fitzgerald na Hallpike walipanga kitumike kwa maji ya nyuzi 30 na ya nyuzi 44 za Selsiasi, yaani nyuzi saba chini na saba juu ya joto la mwili, katika kila sikio, ili nguvu ya masikio mawili ilinganishwe. Mahali pengine hewa hutumika badala ya maji, na miwani yenye kamera huhesabu kasi ya macho.

Mwaka 1983, wanaanga waliokuwa katika maabara ya Spacelab walifanyiwa kipimo hicho angani, mahali ambapo kilicho cha moto hakipandi na kilicho baridi hakishuki. Macho yao yalitikisika hata hivyo. Wanasayansi wakatambua kwamba maelezo ya tangi la kuogea, ingawa ni sahihi kwa sehemu kubwa, hayakuwa yote, na kwamba joto lina njia nyingine ya kukiamsha kiungo hicho.

Maelezo yalipunguzwa uzito, lakini kipimo kilibaki. Madaktari hukitumia kujua ni sikio lipi lililodhoofika. Katika nchi kadhaa, maji baridi sana hutiwa pia masikioni mwa mgonjwa mahututi anayepumua kwa mashine, kama sehemu ya kuthibitisha iwapo shina la ubongo wake bado lina uhai.

Chuo Kikuu cha Uppsala hutoa medali yenye jina la Bárány kwa watafiti wa fani hiyo, na chama cha kimataifa cha wataalamu wa kizunguzungu kilichoundwa mwaka 1960 kinaitwa kwa jina lake.

Jina la mgonjwa yule aliyelalamikia maji halikuhifadhiwa. Lakini daktari wake hakumsahau, na alipopanda jukwaani Stockholm, mbele ya wasomi waliokuja kumsikiliza baada ya kutoka kifungoni, alihakikisha kwamba maneno ya mgonjwa huyo yameingia katika kumbukumbu za Nobel.